Ngazija kwa Siku Moja: Kisiwa cha Moto Ambako Nyumba ni ya Binti



Kila msimu wa harusi ukikaribia, mabibi harusi ninaowashonea huniuliza swali moja wakati nawapima: fungate twende wapi? Wengi jibu wanalo tayari, Dubai au Istanbul, na mimi sina ugomvi na miji hiyo. Lakini leo nawaandikia juu ya pahala palipo jirani yetu, ambapo babu zetu walikuwa wakienda na kurudi kwa majahazi, na sisi wajukuu tumepasahau. Ni Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro.

Ngazija unaweza kuizunguka kwa gari siku moja, ukitoka Moroni baada ya alfajiri na kurudi jua likizama. Mimi niliizunguka hivyo pamoja na kundi la wanawake, tumekodi basi dogo na muongozaji mwenyeji. Sikuja hapa kuwahadithia tulikula nini na tulipiga picha ngapi. Nataka tuisome historia iliyolala pembeni mwa barabara ile, maana sehemu kubwa yake ni historia ya wanawake wenzetu, na mwisho wake inafika kwenye jambo linalomgusa kila bibi harusi: nyumba ninayoingia ni ya nani?

Kwanza, ardhi yenyewe

Ngazija imezaliwa na moto. Kusini yake umekaa mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, na huo ni volkano iliyo hai mpaka leo. Kule juu kuna shimo kubwa, upana wake kilomita tatu hivi kwa nne. Ukiwa ndani ya basi huoni shimo. Unaona mlima umejifunika mawingu, kimya kama bibi mzee aliyelala. Lakini alama zake ziko kila pahala. Michirizi ya mawe meusi imeshuka kutoka mlimani mpaka baharini, na barabara imekatwa juu yake. Michirizi mengine mikavu mitupu, mengine imeshaota majani na migomba, na hapo ndipo unapojua upi wa zamani na upi wa juzi.

Jambo moja litakushangaza: kisiwa hiki kinapata mvua nyingi lakini hakina mito. Mawe ya volkano yana matundu, maji yakidondoka yanazama chini moja kwa moja. Kwa hiyo tangu zamani watu wa Ngazija wameishi kwa kuvuna mvua. Karibu na nyumba utaona birika la mawe au saruji, na mfereji unaoleta maji kutoka kwenye paa. Mwaka 2005, mwezi wa Aprili na tena Novemba, Karthala ulirusha jivu likaanguka juu ya vijiji na kuingia ndani ya mabirika. Maelfu ya watu wakabaki hawana maji ya kunywa mpaka yakaletwa kutoka nje. Sote tunajua ndani ya nyumba maji yakikosekana nani anaamka usiku kuyatafuta. Ukitaka kuelewa maisha ya mwanamke wa Ngazija, anza na birika lake.

Moroni asubuhi: mji unaofanana na kwetu

Basi huanzia Moroni, na ni vyema utembee kwa miguu kwanza kabla ya kupanda. Mji mkongwe, wanaouita medina, una vichochoro vyembamba, milango ya mbao iliyochongwa na mabaraza ya kukaa. Anayetoka Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mvita hatojihisi mgeni. Ufukweni umesimama Msikiti wa Ijumaa wa zamani, mweupe, wenye matao mbele yake. Msikiti huo unahesabiwa kujengwa mwaka 1427, na mnara wake uliongezwa mwaka 1921.

Lugha nayo itakuchekesha kidogo. Kingazija na Kiswahili ni ndugu wa damu. Unasikia maneno unayoyajua yamevaa nguo nyengine. Sisi tukiamkiwa shikamoo tunajibu marahaba. Kwao marahaba ni asante. Siku nzima unapewa chai na kitu kidogo cha kutafuna, nawe unasema marahaba, marahaba, kama bibi mkubwa anayeamkiwa na wajukuu.

Udugu huu haukuishia kwenye maneno. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa kadhi Unguja, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akafariki Unguja mwaka 1925. Mwanawe, Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumayt, naye alikuwa kadhi mkubwa Unguja, na baada ya mapinduzi ya 1964 akahama. Umri wake aliumalizia Komoro, akafariki mwaka 1973. Sheikh Burhan Mkelle, mwalimu aliyesomesha vizazi vya watoto wa Unguja, naye ni katika Wangazija. Na pale Moroni, hospitali kuu inaitwa El-Maarouf kwa jina la Sayyid Muhammad al-Maaruf, shekhe wa tarika ya Shadhiliyya aliyefariki mwaka 1905. Kwa hiyo vitabu na darasa tulizokulia nazo Unguja, nyengine zimepita kwenye vichochoro hivi.

Mimi kama fundi cherehani, macho yangu yalikwenda kwenye kofia. Kofia ya viua ya Kingazija hushonwa kwa mkono, tundu moja baada ya jengine, kila tundu likizungushiwa uzi mpaka linakuwa gumu kama shanga. Kofia moja inaweza kumchukua mtu miezi. Ukiona mwanamme amevaa kofia nzuri, fahamu kuna macho ya mtu yamechoka kwa ajili yake. Na bibi harusi akiwa anatafuta zawadi ya kumpa mumewe, zawadi hiyo ina maana kuliko saa ya dukani.

Kaskazini: kuta, ziwa na langilangi

Ukitoka Moroni kuelekea kaskazini unafika Itsandra, penye ufukwe wa mchanga mweupe na mabaki ya ngome. Juu kidogo ni Ntsoudjini, mji uliozungushiwa ukuta wa mawe. Wageni wengi hupiga picha ukuta na kuondoka. Tusiondoke, dada zangu. Tuulize ukuta ulijengwa kumzuia nani.

Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, misafara ya mitumbwi ilivuka bahari kutoka Madagascar kuja kuvamia visiwa vya Komoro na hata mwambao wa Afrika Mashariki. Walikuja kuchukua watu. Huko visiwa vya Mauritius na Réunion, ambavyo wakati huo vilikuwa na majina mengine chini ya Wafaransa, mashamba yalikuwa yanahitaji watumwa, na wafanyabiashara walikuwa tayari kununua. Miji ya Ngazija ikajizungushia kuta na kujenga minara ya kutazamia bahari. Ukuta wa Ntsoudjini ulijengwa ili usiku mama alaze watoto wake na asubuhi awakute.

Barabara inaendelea kupita Hahaya, penye uwanja wa ndege, mpaka Ntsaoueni. Huu ni mji ambao wenyeji wanauhesabu kuwa mlango wa Uislamu kisiwani. Mapokeo yao yanasema mtu wao aitwaye Mtswa Mwandze alisikia habari za dini mpya, akasafiri mpaka Bara Arabu, akarudi na Uislamu. Wanahistoria wanayachukulia haya kama mapokeo, na sisi tuyachukue hivyo hivyo. Lakini angalia wanavyoisimulia: si mgeni aliyekuja kuwaletea dini, ni mtoto wao aliyetoka kuifuata. Watu wa pale wanaona fahari kwa hilo.

Mitsamiouli uko karibu na ncha ya kaskazini. Jirani yake palikuwa na hoteli kubwa ya kitalii ya Galawa, ambayo sasa haipo tena. Mbele ya ufukwe huo, tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka baharini baada ya kutekwa na kuishiwa mafuta. Walikuwemo watu 175, na 125 wakafariki. Wenyeji na wageni waliokuwa ufukweni waliingia majini kuwaokoa waliobaki hai. Ukifika pale, nyamaza kidogo na uwaombee.

Mbele kidogo kuna ghuba ndogo nzuri ambayo Wafaransa waliipa jina la Shimo la Mtume. Muongozaji atakuhadithia kwamba Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliwahi kufika hapo. Msikilize kwa adabu, lakini sira tunayoisoma haina safari hiyo. Sifa ya Mtume haihitaji kuongezewa.

Halafu kuna Ziwa la Chumvi, maji ya kijani kibichi yaliyotuama ndani ya shimo la volkano, hatua chache kutoka baharini. Hadithi yake wenyeji wanaisimulia hivi: palikuwa na mji, akapita mtu mwenye kiu akiomba maji, wakamnyima, na mji wote ukazama. Ni ngano, lakini fikiria imezaliwa wapi. Ni kisiwa kisicho na mto, ambako birika ndiyo hazina ya nyumba, na bado wazee walifundisha watoto wao kwamba dhambi kubwa ya mji ni kumnyima maji mpita njia. Ukarimu wa kugawa kile ulichonacho kingi ni mwepesi. Wao walifundishana kugawa kile kilichokuwa haba.

Katika safari hii utasikia harufu ya langilangi. Nasi tunaijua, bibi harusi wa Unguja na Pemba gani hajatiwa langilangi kwenye kikuba chake? Komoro ni miongoni mwa nchi zinazouza mafuta ya langilangi kwa wingi duniani, na viwanda vya manukato vya Ufaransa vinayategemea. Maua huchumwa asubuhi mapema, na wachumaji wengi ni wanawake. Lazima yakamuliwe upesi, maana yakikaa harufu inaondoka.

Mashamba hayo nayo yana kisa chake. Mwaka 1885 Sultan Said Ali wa Bambao alitia saini mkataba na Mfaransa mmoja, mtaalamu wa mimea na wanyama, Léon Humblot. Mkataba ulimruhusu Humblot kulima ardhi aitakayo kisiwani, na sultani apewe sehemu ya faida. Mwaka uliofuata, 1886, kisiwa kikaingia chini ya himaya ya Ufaransa. Kampuni ya Humblot ikameza sehemu kubwa ya ardhi nzuri, wakulima wakawa vibarua kwenye mashamba ya babu zao, na yeye mwenyewe watu wakamwita sultani mweupe. Said Ali alipelekwa uhamishoni mwaka 1893, akafariki Madagascar mwaka 1916. Saini moja ilitosha kuhamisha ardhi ya watu wengi kwenda kwa mtu mmoja. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Mashariki na kusini: pale lava ilipopita

Upande wa mashariki ni mtulivu, vijiji vichache na barabara mbaya zaidi. Makundi mengi hupumzika Chomoni kwa chakula cha mchana. Pwani ya Chomoni ni ya kuona kwa macho: mawe meusi ya lava yameingia baharini, na katikati yake mchanga mweupe, kama kitambaa cheusi kilichotiwa taraza nyeupe. Ukishasali adhuhuri na kula samaki, safari inaelekea kusini, kupitia Foumbouni, mji wa zamani wa sultani wa Badjini, nao pia una mabaki ya ngome na kuta.

Ukizunguka ncha ya kusini na kurudi upande wa magharibi unafika Singani. Tarehe 5 Aprili 1977 mlima ulipasuka ubavuni, juu ya kijiji hiki. Mara nyingi Karthala hulipuka kule juu shimoni, mbali na watu. Mara ile lava ilitokea chini, karibu na nyumba, ikateremka katikati ya kijiji mpaka baharini. Nyumba karibu 300 ziliteketea. Watu walihamishwa, na Alhamdulillah walisalimika. Leo Singani imejengwa tena, nyumba mpya zimekaa juu ya mawe yaleyale yaliyozimeza za zamani.

Nilijiuliza kwa nini walirudi. Mlima ule umewahi kuua. Mwaka 1903 gesi yake ilichukua roho za watu 17. Jibu la mwanamke mmoja mzee pale kijijini lilikuwa fupi: kiwanja ni cha mama yake, na kabla yake cha bibi yake, sasa yeye aende wapi? Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo nililokuwa nimelisikia bila ya kulizingatia.

Iconi, jabali la wanawake

Kituo cha mwisho kabla ya Moroni ni Iconi, mji wa kale wa masultani wa Bambao. Juu ya mji limesimama jabali linaloangalia bahari. Hapa ndipo inapokumbukwa siku ya mwaka 1805, wavamizi kutoka Madagascar walipoingia. Wanaume walipigana wakashindwa. Wanawake walikimbilia juu, na walipoona wamezingirwa, wakajitupa kutoka jabalini kuliko kukamatwa na kuuzwa.

Najua tunavyofikiri. Dini yetu inatukataza kuitoa nafsi, na mtu asije akaifanya hadithi hii kuwa mfano wa kuiga mwenye dhiki. Ikiwa kuna dada anasoma haya na moyo wake umeelemewa, nakuomba umwambie mtu leo, mama, shoga au daktari, usibaki peke yako. Kuhusu wanawake wa Iconi, hukumu yao iko kwa Mola wao, naye ni Mwingi wa Rehema. Mimi naangalia nyuma yao: nani aliwafikisha ukingoni? Kulikuwa na soko lenye bei ya mwanamke, bei ya mtoto, na meli zilizokuwa zikisubiri.

Na tuseme kweli yote. Masultani na matajiri wa Komoro nao walimiliki watumwa, wengi waliotolewa bara, upande wa Msumbiji. Unguja yetu nayo soko lake linajulikana. Yule mwanamke wa Kimakua aliyeshushwa kutoka jahazini hakuwa na jabali la kukimbilia, wala hakuna bango linalomtaja. Tukiwaombea wanawake wa Iconi, tumuombee na yeye.

Nyumba ya binti

Sasa nafika pale nilipoahidi. Ngazija, bibi harusi hahami. Bwana harusi ndiye anayehamia. Nyumba ni ya mwanamke, imejengwa na watu wake, baba, mjomba na kaka zake, mara nyingi juu ya kiwanja kilichotoka kwa mama. Kuna baba wanaoanza kumwekea binti mawe na saruji tangu akiwa mdogo. Siku ya zifafa, bwana harusi huja kwa maandamano, amevaa joho lililodariziwa, na kuingia nyumbani kwa mkewe. Ikitokea talaka, anayebeba begi ni yeye.

Ardhi nayo ina utaratibu wake, unaoitwa manyahuli. Ni mali ya ukoo wa upande wa mama, inayotoka kwa mama kwenda kwa binti. Kaka anaweza kuisimamia, lakini si yake kuiuza. Wanazuoni wa huko wamelijadili jambo hili muda mrefu, kwa kuwa mirathi ya Kiislamu ina mafungu yaliyowekwa na Qur'an, na manyahuli yanafuata njia nyengine. Wapo wanaoyafananisha na wakfu wa familia, wapo wanaoyapinga. Mimi ni fundi nguo, si mufti, sitoi fatwa. Ninachokiona ni hiki: Humblot alipokuja, saini ya mtu mmoja mkubwa ilitosha kutoa ardhi nyingi. Ardhi ya manyahuli haitoki kirahisi hivyo, maana hakuna mtu mmoja anayeweza kuitia saini peke yake.

Kuna upande wa pili wa sifa hizi. Harusi kubwa ya Ngazija inaitwa anda. Ni sherehe za siku nyingi, ng'ombe wanachinjwa, mji mzima unalishwa, bibi harusi anatunzwa dhahabu, na mwanamme akishaimaliza anaitwa mtu mzima kamili, anakaa mbele kwenye uwanja wa mji. Ambaye hajafanya, hata akiwa na mvi, heshima yake ni pungufu. Wapo wanaofanya kazi Marseille miaka na miaka, wanakusanya pesa kwa ajili ya wiki chache za anda. Rais Ali Soilih, aliyetawala kuanzia Januari 1976, alizipiga marufuku harusi hizi kwa kuona zinafukarisha watu. Lakini alichanganya: akagusa na hijabu za wanawake na heshima za dini, na akatumia vijana na nguvu. Mei 1978 alipinduliwa na mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, na kabla ya mwezi kumalizika akauawa. Anda ikarudi kama haijaondoka.

Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Israfu ni israfu, iwe Moroni au Mombasa. Nami nakula kwa harusi, nashona magauni, lakini siwezi kunyamaza. Mteja wangu mmoja, simtaji, nilimshonea gauni la shanga tupu, mkia mita tatu, likavaliwa usiku mmoja. Baada ya miaka michache alitoka kwenye nyumba ya ndoa na mabegi mawili na watoto. Saruji na mabati ya nyumba ile yalitokana na biashara yake ya vitambaa. Hati ilikuwa na jina la mwengine. Gauni bado analo; aliniletea niliuze.

Watu wa Ngazija wanaweza kutumia kupita kiasi kwenye sherehe, lakini wakishamaliza kula, binti ana paa. Sisi mara nyingi tunaiga ile sherehe na paa hatulitaji. Mahari ni haki yako kwa mujibu wa dini, si ya baba wala ya somo, na hakuna aliyekukataza kuomba kiwanja, chumba au fungu la nyumba badala ya seti ya dhahabu. Ukichangia ujenzi, andikwa. Kumuamini mume na kuandikiana havigombani. Dini yetu imetufundisha kuandika hata deni.

Ukitaka kwenda

Ondokeni mapema, siku ni ndefu na barabara ya mashariki inachosha. Ijumaa epukeni, au pangeni mchana wote muwe mji mmoja kwa ajili ya sala. Kodini gari na dereva mwenyeji, na kubalianeni mapema bei na vituo, kwa maandishi. Chukueni maji ya kutosha. Vaeni viatu vya kufunika miguu, mawe ya lava yanakata kama wembe. Dira pana na mtandio mwepesi vinatosha, na nguo ya kusalia iwe mkobani. Wanawake wengi mtawaona wamepaka msindano usoni, sandali ya kusaga yenye rangi ya manjano, dada wa liwa letu. Ombeni ruhusa kabla ya kuwapiga picha. Kupanda Karthala ni safari nyengine kabisa, usiichanganye na siku hii.

Na mkifika Iconi jioni, msikimbilie hotelini. Someni Fatiha kwa waliokufa hapo. Kisha bibi harusi, muulize mwenzio swali la nyumba mkiwa bado mnacheka na kupendana, kwa sababu wakati huo ndio jibu huwa jepesi.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na paa juu ya vichwa vyao. Amin.